Kikombe cha Rubani

Kijiwe chetu kiko Kihesa, pale barabara ya vumbi inapomaliza kupanda kilima kabla ya kukutana na lami. Kuna benchi moja refu la mbao, jiko la mkaa, birika jeusi la Mzee Mrisho, na ukuta wa chumba changu cha cherehani unaotukinga na upepo. Asubuhi za Iringa unazijua, kila mtu anafika amefunga koti mpaka kidevuni, na kabla ya kikombe cha pili hakuna anayesema la maana. Baada ya kikombe cha pili pia hakuna, ila wanasema kwa sauti. Mimi wananiita Pima, kwa sababu ya futi ya kitambaa inayoning'inia shingoni kutwa nzima. Redio jina lake la ubatizo ni Aroni. Redio hana, ila habari zote anazo. Injinia ni Silvester, aliyeumaliza ujana wake akiwa utingo wa malori ya barabara kuu, na tangu hapo hakuna mashine asiyoijua, na hakuna aliyoitengeneza ikapona. Pembeni yetu Severina, yaani Mama Happy, anakaanga maandazi na kututawala.

Wa tano wetu ni Liberatus, Baba Bertha, yaani Rubani. Alikuwa anasambaza maziwa mjini kwa baiskeli, na akimaliza kahawa yake hapa alikuwa anaachia breki, anateremka kilima kwenda kwake bondeni, koti linapepea na kengele inalia bila sababu. Kisha kifua kikamshika. Wakasema mafua, wakasema vichomi, na ilipokuja kujulikana kwamba ni kifua kikuu alikuwa amekwisha kuwa ngozi na mifupa. Aliugua muda mrefu, mkewe Rozalia akimuuguza. Kuna siku tulikwenda kumwona, tukatoka nje, na hakuna aliyetaka kumtazama mwenzake usoni.

Kwa Mzee Mrisho kuna desturi. Mtu wa kijiwe akiugua, kikombe chake kinalazwa kifudifudi kwenye sinia na hakuna wa kukigusa mpaka arudi akigeuze mwenyewe. Kikombe cha Rubani kilikaa kifudifudi mpaka chini yake pakabaki alama ya duara. Siku aliyorudi, alikuja kwa miguu, anaisukuma baiskeli. Akanyoosha mkono, akakigusa kikombe, akaurudisha mkono mfukoni. Akasema, "Si leo. Nitakigeuza siku nitakayofika hapa kijiweni nimeipanda hii." Tukampigia makofi. Kumbe tulikuwa tunashangilia balaa, maana tangu siku hiyo kila asubuhi anakuja anasukuma, anakunywa kwenye kikombe cha wageni chenye pengo, na anarudi anasukuma. Hata kuteremka anasukuma! Watu wa mtaani wanasema Rubani siku hizi anachunga baiskeli.

Leo asubuhi alikuwa hajafika bado, na Mzee Mrisho alikuwa anapepea jiko kwa hasira isiyo yake.

Mzee Mrisho: Jamaa zangu, jana jioni mlipoondoka Liberatus alinifuata hapa. Kaniuliza kama namjua mtu anayetafuta baiskeli.

Redio: Anatafutiwa nani baiskeli, wakati yake anayo?

Mzee Mrisho: Aroni, anaiuza hiyo hiyo. Na kaniambia kile kikombe nikirudishe, wateja wakitumie.

Severina aliacha andazi kwenye mafuta mpaka likawa jeusi. Sijawahi kuliona hilo tangu nimfahamu.

Injinia: Haiwezekani. Rubani bila baiskeli ni nani?

Severina: Ni Liberatus tu. Ila hapa hatumwoni tena, nawaambia. Atajifungia kule bondeni aangalie kuku.

Mimi: Lakini mwili si umerudi? Suruali zake zote nilizipunguza kiuno alipougua, na juzi tu nimeziachia tena. Mtu anayeongezeka kiuno anashindwaje kupanda baiskeli?

Injinia: Pima, wewe unajua viuno. Hii ni habari ya mashine. Baiskeli ikikaa ndani muda mrefu inamsahau mwenyewe. Tulikuwa na lori moja, dereva wake akalazwa. Aliporudi, lile lori likimwona tu haliwaki.

Severina: Lilikuwa linamwona kwa macho gani?

Injinia: Mama Happy, mimi naeleza ufundi.

Redio: Siyo mashine, ni hewa. Nimesikia mtaalamu anaeleza. Sisi huku tuko juu sana, hewa ya Iringa ni nyepesi. Pafu lililougua linataka hewa nzito. Rubani apelekwe Dar, aendeshe kule wiki chache, halafu arudishwe kidogo kidogo. Aendeshe Morogoro, aendeshe Mikumi, halafu apandishwe mlima wa Kitonga taratibu mpaka azoee.

Mimi: Yaani mtu aliyeshindwa kilima cha Kihesa umpandishe Kitonga?

Redio: Kwa awamu, Pima! Nimesema kwa awamu.

Mzee Mrisho: Na malori yale yote yatampisha?

Redio: Tutaandika tangazo mgongoni.

Injinia akatikisa kichwa kwa huruma, akapiga funda, akasogea mbele kwenye benchi. Akisogea mbele hivyo najua tumekwisha.

Injinia: Sikilizeni. Tatizo lipo kwenye kiti. Kiti cha baiskeli kinashika umbo la mwenyewe. Mtu mwingine akikikalia, basi, kimeharibika. Mwenyewe akirudi anahisi kama kaazima. Sasa swali ni nani aliikalia ile baiskeli Rubani akiwa kitandani.

Severina: Wewe.

Injinia: Mimi niliikagua.

Severina: Uliikagua mpaka mtaa wa Mkimbizi na kurudi, na sukari ukaninunulia.

Redio: Aa! Kumbe ndiyo maana! Injinia, umemmaliza mwenzio.

Injinia: Nina uzito gani mimi wa kuharibu kiti? Basi tufanye hivi. Tumtafute mtu wa bodaboda, tufunge kamba nyembamba, ile ya kuvulia. Rubani akipanda pale chini, boda anavuta taratibu. Yeye atadhani ni miguu yake.

Mimi: Na mlio wa pikipiki atadhani ni tumbo lake?

Severina alicheka mpaka akashika kiuno, lakini kicheko kilimwisha haraka. Alikuwa anatazama kule barabara inakopandia, na mimi pia nilikuwa natazama. Ukweli ni kwamba nilikuwa na hofu. Mtu akianza kuuza kitu anachokipenda namna ile, ameshaanza kuaga, hata kama mwili unanenepa.

Severina: Nyie mnazunguka. Yule anaogopa kuanguka mbele zenu. Nyuso nne zimepangwa hapa kwenye benchi kama majaji wa kwaya. Mimi mwenyewe nisingepanda.

Redio: Hapana, hapana. Sasa nimepata. Mnakumbuka katapila lililochonga hii barabara Rubani akiwa amelazwa? Walimwaga kifusi, wakashindilia, wakamwaga tena. Huu mlima umeongezeka.

Mimi: Umeongezeka?

Redio: Umeongezeka urefu. Rubani aliuacha mfupi, kaukuta mrefu. Miguu yake iko sawa kabisa, ila inaukumbuka mlima wa zamani. Pima, hebu toa hiyo futi twende tukaupime.

Mimi: Futi hii ni ya kupimia watu.

Injinia: Tutapima vipande vipande.

Hapo ndipo niliposema maneno ambayo siyaandiki, maana Mzee Mrisho ni mtu wa swala na Severina ni mama wa watu. Tulikuwa katikati ya kelele hizo alipofika dada mmoja na bakuli la kununulia maandazi, amejifunga kitenge juu ya sweta. Anaitwa Atuganile. Ni Mnyakyusa wa Mbeya, mumewe kahamishiwa kazi huku, na amepanga chini kabisa ya kilima, jirani na kalavati. Severina alikuwa ameshatutajia habari zake, ila kijiweni hajawahi kusimama.

Atuganile: Shikamooni. Kamwene, mama.

Severina: Kamwene, mwanangu. Naona Kihehe unakijua sasa.

Atuganile: Najifunza. Samahani, nimewasikia tangu kule kona. Huyo mzee mnayemsema ni yule wa baiskeli nyeusi, mwenye kofia ya sufi?

Mzee Mrisho: Ndiye, mwanangu. Ameshindwa kuipanda tangu apone.

Atuganile: Mwe! Ameshindwa? Mbona anapanda kila siku?

Mzee Mrisho aliacha kupepea jiko. 

Atuganile: Kila asubuhi nikifagia anapita mbele ya mlango wangu ameipanda, na kengele anapiga. Anavuka kalavati, anakanyaga mpaka pale kwenye mashine ya kusaga. Pale kilima kinapokaza, anashuka. Anashika magoti, anahema, anautazama mlima, halafu anaanza kusukuma. Mwanzoni alikuwa anashukia kwenye kalavati. Siku hizi anafika mashineni.

Redio: Sasa kwa nini hakutuambia?

Atuganile: Baba yangu, mimi ningejuaje? Nyie ndio marafiki zake.

Hilo lilituingia. Tulitazama chini wote, kila mtu akajifanya anatafuta kashata aliyoiangusha.

Mzee Mrisho: Tatizo aliweka ahadi mbele ya watu. Alisema atakigeuza kikombe akifika kijiweni ameipanda. Na kijiwe kiko huku juu.

Atuganile: Kijiwe ndiyo nini? Si hili benchi?

Injinia: Ee, benchi, jiko, na watu wenyewe.

Atuganile: Kwani hili benchi limechimbiwa?

Injinia akainama kutazama miguu ya benchi. Redio akanitazama mimi, nami nikamtazama Mzee Mrisho.

Injinia: Limechimbiwa. Lazima limechimbiwa.

Severina: Nani alilichimbia?

Hakuna aliyejua. Watu wazima wanne tumelikalia benchi hilo tangu nywele zetu zikiwa nyeusi, tumejadili hapo serikali, mpira, ndoa za watu na bei ya mbolea, na hakuna hata mmoja aliyewahi kujaribu kulinyanyua. Tukasimama. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kusimama wote kwa pamoja. Injinia akashika upande mmoja na mimi upande wa pili. Lilitoka ardhini kirahisi, likaacha vishimo vinne na majani meupe ambayo hayajawahi kuona jua.

Severina: Kimbieni sasa, kabla hajafika pale mashineni! Hili karai naliacha, dada niangalizie.

Tukateremka. Mimi na Injinia na benchi, Mzee Mrisho na jiko lake la moto kalishika kwa vitambaa, Severina na sinia la vikombe akilibeba kama sakramenti, na Redio tukampa birika. Lilikuwa kosa, maana Redio hawezi kutembea bila kusema, na hawezi kusema bila kurusha mikono.

Redio: Tumwambie nini? Tuseme manispaa imetuhamisha. Tuseme tumefukuzwa na Pima.

Mzee Mrisho: Hatusemi uongo, Aroni. Na birika liweke wima.

Injinia: Pima, inua upande wako!

Mimi: Upande wangu ndio uko chini, nitainua wapi?

Tulilitua benchi kando ya mashine ya kusaga, kwenye pumba. Mwenye mashine alitoka nje mweupe kwa unga, akatutazama, akarudi ndani bila kuuliza. Mzee Mrisho akapanga jiko, Severina akaweka sinia, na katikati ya sinia kikombe cha Rubani, bado kifudifudi. Tukakaa kila mtu mahali pake, tunahema. Severina akasema tusiangalie barabarani, tuangalie kahawa. Tukaangalia kahawa.

Kisha tukasikia kengele.

Sikuvumilia, nikageuka. Alikuwa ameshavuka kalavati, mgongo umeinama kidogo, kofia ya sufi imevutwa masikioni, magoti yanapanda na kushuka taratibu. Hakuwa Rubani wa zamani, sidanganyi. Alikuwa anayumba, na kila alipokanyaga, baiskeli ililia. Lakini alikuwa juu yake. Nilifurahi, na Injinia, ambaye hata msibani huwa anaeleza jinsi jeneza lilivyotengenezwa, alivua kofia akajipangusa uso.

Rubani alifika mashineni, akashusha mguu mmoja. Akatutazama, akatazama juu kwenye kona yetu, akatutazama tena.

Rubani: Nani kafa?

Mzee Mrisho: Hakuna. Karibu kijiweni, Liberatus.

Rubani: Kijiwe kiko kule juu.

Mzee Mrisho: Kilikuwa. Leo kiko hapa.

Rubani alishika usukani kwa mikono miwili. Uso wake ulikaza, na nikaogopa kwamba tumeharibu kila kitu.

Rubani: Mnanionea huruma.

Severina: Huruma ya nini? Baba Bertha, sisi ndio tumeteseka. Huyu Injinia alitaka kukufunga kamba ya kuvulia samaki, na huyu Redio alitaka kukuendesha kutoka Dar es Salaam. Tumekukosa, mwenzetu. Tangu urudi unakuja na kikombe cha wageni, unakaa kama mgeni, unaondoka. Tumechoka na mgeni. Tunamtaka mwenyewe.

Rubani: Lakini niliahidi.

Mzee Mrisho: Uliahidi kufika kijiweni umeipanda. Umefika umeipanda. Kijiwe hiki hapa mbele yako.

Mimi: Na kuteremka, Rubani? Mbona hata kuteremka ulikuwa unasukuma? Ulitutisha.

Rubani: Niteremke kilima ambacho sijakipanda? Hapo ningekuwa nabebwa tu. Nimebebwa vya kutosha, Pima. Rozalia kanibeba mpaka mgongo wake umeharibika.

Alisema hivyo bila kunung'unika, akaiegemeza baiskeli kwenye ukuta wa mashine. Akaja, akajipangusa mikono kwenye suruali niliyoiachia kiuno mwenyewe, akakishika kikombe chake na kukigeuza. Akakiweka mbele ya Mzee Mrisho. Mzee Mrisho akanyanyua birika, na nikaona kwa namna alivyolinyanyua kwamba ni jepesi. Akamimina. Kahawa ikafika nusu ya kikombe, ikawa matone, ikakata.

Wote tukamgeukia Redio. Suruali yake ilikuwa na michirizi myeusi mpaka kwenye viatu.

Redio: Njia ni mbovu, jamani.

Rubani aliitazama ile nusu. Akainywa polepole, macho kafumba, akakirudisha kikombe kwenye sinia, wima.

Rubani: Inatosha. Nimepanda nusu, nimekunywa nusu. Keshokutwa benchi lisogezeni mpaka kwenye lile geti la bluu hapo juu. Tukifika kule juu nitajaziwa. Na baiskeli siuzi, Mzee, usimwambie mtu.

Mzee Mrisho: Sikuwa nimemwambia mnunuzi yeyote.

Redio akakohoa, maana wakati tunateremka alikuwa ameshawaambia wapita njia wawili.

Tulikuwa tumekaa hivyo, tumeridhika, jua linaanza kupasha moto pumba, alipoteremka Atuganile na karai la Severina mikononi. Akatuangalia mmoja mmoja.

Atuganile: Sasa hili benchi nani analirudisha juu?

 Tuligeuka wote kwa pamoja tukautazama ule mlima.  Nilizaliwa Kihesa, ila mlima ule siku zote nimeujadili nikiwa nimekaa juu yake. Kutoka chini ulikuwa kitu kingine kabisa. Barabara ilianza mbele ya viatu vyetu, ikapita geti la bluu mbali huko, ikaendelea, na kule mwisho chumba changu cha cherehani kilionekana kama kisanduku cha kiberiti.

Injinia alishika upande wake wa benchi, akalipima uzito, akalitua tena.

Injinia: Jamani, Redio hakukosea. Huu mlima umeongezeka.

Rubani akacheka. Alicheka kile kicheko chake cha zamani, kinachoanzia tumboni na kumkunja, mpaka akashika ukuta. Sisi wote tukasubiri kikohozi kama tulivyozoea kukisubiri. Hakikuja. Basi tukashika benchi.